Gari Moja na Baba Mkwe

Mume wangu alikuwa amepanda treni mara moja tu maishani, kutoka Dodoma kwenda Tabora, serikali ilipompeleka kusomea ukarani, na tangu siku hiyo hakuheshimu usafiri mwingine wowote. Tulikaa Iringa, mji ambao haukuwa na reli, wala kituo, wala mtu aliyeulizia habari zake. Hata hivyo kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akatazama ukungu wa Ruaha kule bondeni, akasema, "Saa hizi ya Kigoma inaondoka." Nami nilimjibu kwamba saa hizi uji unapoa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Yeye alikuwa karani wa stoo ya serikali, mimi mama wa nyumbani mwenye bustani ya kabichi na mdomo usiotulia, na tulikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka mitano. Wote wawili kwetu ni Rungwe, milimani kusini ya Mbeya, kwenye migomba na kahawa na mvua isiyojua kupumzika. Tulipohamia Iringa tulikuja na mila zetu zote, na mojawapo ndiyo iliyotaka kutuua.

Kwetu mke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawazoeani. Nasema hawaonani, hawasemeshani, hawapeani kitu mkononi. Nikiwa njiani nikasikia anakuja, naingia migombani, nampa mgongo, nangoja apite. Yeye akiwa anakuja nami niko kisimani, nakohoa mara moja kikohozi kikavu, anasimama palepale mpaka nimalize na kuondoka. Mchungaji alitufundisha kwamba ndani ya kanisa sisi sote ni mwili mmoja. Tuliitikia amina, kisha mimi nikatokea mlango wa upande wa wanawake na yeye mlango mkubwa, kila mmoja na njia yake. Katika miaka yote ya ndoa nilichokijua kwake ni miguu, fimbo na upindo wa koti, vitu nilivyoviona kwa chini kati ya majani ya migomba. Uso sikuwahi kuuona. Naye wangu hakuwahi kuuona.

Sasa baba mkwe alikuwa na binti mmoja, wifi yangu, ambaye kabla ya kuwa wifi alikuwa shoga yangu. Tulibarikiwa kanisani siku moja tukiwa tumevaa magauni yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Huyo wifi alipendana na dereva wa malori kutoka Rhodesia ya Kaskazini, akavuka naye mpaka bila ng'ombe, bila baraka, bila kuaga. Mzee alipandwa na hasira, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba hataki kuuona tena uso wa mtoto huyo. Ilipita miaka. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, na hasira ikamwisha. Akamwita mwanawe, akamwambia, "Nataka kuuona uso wa mdogo wako kabla haya macho hayajafunga." Alikuwa ameuza kahawa vizuri mwaka ule. Alisema nauli ni yake.

Mume wangu alikuwa na likizo ndefu inayomngoja. Alirudi Iringa amejaa furaha ya ajabu, akanikalisha chini, akasema, "Mama watoto, tunakwenda likizo nchi ya nje." Kabla sijapiga vigelegele akaongeza, "Kwa treni."

Naomba msomaji aichore ramani kichwani. Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na jina lake, iko kusini yetu. Kutoka nyumbani kwa baba mkwe hadi mpakani Tunduma hata lori bovu lilifika siku ileile. Mume wangu alitoa njiti za kiberiti akazipanga mezani. Tungetoka Iringa kwenda kaskazini hadi Dodoma, tupande treni kwenda magharibi hadi Kigoma, tupande meli turudi kusini kwa ziwa zima la Tanganyika hadi Mpulungu, na kuanzia hapo, alisema, tutajua hukohuko. Njiti zilizunguka meza yote na moja ikaangukia kwenye bakuli la mboga.

"Na gari la kukodi je?" nikauliza. "Njia moja, Mbeya, Tunduma, tumefika."

Alinitazama kwa huruma. "Gari lina viti vingapi? Wewe na baba mtakaa wapi? Treni ina mabehewa."

Hapo alinishinda, maana alikuwa na haki. Dawa rahisi ilikuwa mimi nibaki na kabichi zangu, na mume wangu alilisema hilo siku ya pili, polepole, huku akitazama pembeni. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimemkumbuka wifi yangu kuliko alivyomkumbuka yeye. Lakini mzee mwenyewe ndiye aliyekataa. Alituma neno kutoka Rungwe: bila mke wako siendi. Hakueleza kwa nini, na mimi sikuwa na njia ya kumwuliza.

Basi treni ikashinda, na baba mkwe akaitwa aje Iringa, safari ndefu kwa basi, akiipa kisogo nchi anayotaka kwenda. Alifikia kwa jirani mtu wa kwetu. Jioni ile akaletwa sebuleni kwetu kwa kikao cha mwisho. Mimi nilikuwa jikoni, mlango umefungwa, sikio kwenye mbao. Kwa kuwa sauti yangu haikupaswa kumfikia, tulikubaliana na mume wangu kwamba nitatumia mfuniko wa sufuria: kugonga mara moja ni sawa, mara mbili ni hapana.

"Tata," mume wangu akaanza, maana ndivyo kwetu tunavyomwita baba, "behewa la kwanza wewe na mimi. La mwisho mama watoto na binti. Katikati watu baki."

Nikagonga mara moja.

"Vizuri," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu. "Na kwenda Dodoma tunakwenda na nini?"

"Basi, tata."

"Basi lina mabehewa?"

Nilimsikia mume wangu akisogeza njiti.

"Halina. Lakini wewe utatangulia Jumatatu, sisi tutafuata Alhamisi."

"Nani atanipokea Dodoma?"

"Mimi."

"Si unakuja Alhamisi?"

Nikagonga mara mbili, hata sikuulizwa.

"Na melini?" mzee akaendelea, bila ubishi, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Meli ni kubwa mno. Ina juu na chini."

"Nani juu?"

Swali hilo lilitushinda wote. Mzee akikaa juu, akiinama tu ananiona mimi chini. Mimi nikikaa juu, mke amekaa juu ya kichwa cha baba mkwe, jambo ambalo hata kulisema ni kutafuta faini ya ng'ombe. Mume wangu alipendekeza zamu. Mzee akauliza watapishana wapi kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshikilia mfuniko sijui nigonge ngapi, nikajikuta nacheka, nikaziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu," baba mkwe akasema mwishowe, "hivi Tunduma si iko nyuma ya kwetu? Mbona mmenileta huku?"

Mume wangu akaanza kukusanya njiti.

"Tafuta gari," mzee akasema. "Mengine tutaona."

Gari lilipatikana kwa mwenye gereji mmoja mjini: boksibodi, mbele ya chuma na nyuma ya mbao, lenye dereva wake, Mhehe mrefu mwenye kofia, Mkatoliki, aliyetundika rozari kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Alifika alfajiri, akatusalimu "Kamwene," akatazama jinsi mume wangu anavyopigilia misumari na kutundika blanketi la kijivu kati ya viti vya mbele na vya nyuma.

"Bwana karani," akasema, "mama anaumwa?"

"Haumwi. Ni mkwe wa mzee."

"Wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

Dereva alifikiri kidogo. "Mungu atuepushe siku wakigombana," akasema.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya kioo. Mume wangu aligundua kwamba blanketi likicheza upepo, mzee akiwa mbele anaweza kuniona kupitia kile kioo. Akavua soksi yake, akataka kukivika. Dereva alikataa katakata. Kwanza, alisema, hawezi kuendesha bila kuona nyuma. Pili, soksi ya mtu haikai pamoja na rozari. Walibishana mpaka majirani wakatoka nje na miswaki mdomoni. Mwishoni rozari ikahamia kwenye usukani, soksi ikavikwa kioo, na dereva akaapa kwamba tukigongwa kwa nyuma yeye atasimulia ukweli wote polisi.

Tukaondoka. Mbele alikaa dereva na mzee, na binti yangu mapajani kwa babu yake, kwa kuwa watoto hawana mwiko. Nyuma ya blanketi nilikaa mimi na mume wangu na mizigo. Shida ni kwamba blanketi lilikuwa limeziba mbele yote, na boksibodi lilikuwa na dirisha dogo tu kwa nyuma. Safari yangu ya kwanza ya nchi ya nje niliiona kinyumenyume, kila kitu kikituacha.

Lakini nilisikia. Mzee alimwambia mjukuu wake, "Wewe hujawahi kusafiri. Niambie unaona nini, nijue kama una akili." Na mtoto, ambaye hakuhitaji kuombwa mara mbili, alisema kila kitu. Babu, miti midogo imepangwa mistari. Babu, mzungu kavaa kaptura. Babu, ng'ombe watatu, hapana, mmoja ni jiwe. Nilifurahi moyoni kwamba mzee anamfundisha mtoto kutazama, na kwa kuwa mimi pia nilikuwa sioni mbele, nikawa naisubiri sauti ile ya mtoto ili nijue niko wapi. Nchi yote kuanzia Sao Hill hadi Chimala niliijua kwa mdomo wa mtoto wa miaka mitano.

Kushuka ndiko kulikuwa kazi. Mume wangu aliweka utaratibu wa honi. Honi moja, mzee anashuka, mkono kamshika mjukuu, na kwenda upande wa kulia wa barabara kujisaidia, sisi tumetulia. Honi mbili, mimi nashuka upande wa kushoto. Honi tatu, wote ndani, mmoja mmoja. Kuna wakati lori la mbao lilitufuata nyuma likipiga honi yake lipishwe. Dereva wetu, kioo kimevaa soksi, akadhani ni mume wangu anatoa amri kwa namna mpya, akasimamisha gari. Lori likatukwepa kwa kuingia shambani. Yaliyosemwa na yule dereva wa lori siyaandiki, maana nina wajukuu.

Karibu na Makumbako tulisimama kijijini. Dereva akapiga honi moja, kisha mbili. Mara watu wakaanza kutoka majumbani na kuku miguu juu, vichwa chini, wakakimbilia gari. Kumbe mnunuzi wa kuku wa eneo lile hupiga honi hivyohivyo. Nilikuwa nusu nje nusu ndani, kanga kichwani, nimezungukwa na kuku, na mzee yuko upande wa pili naye amezungukwa. Sikuwa na pa kujificha isipokuwa chini ya gari, na huko ndiko nilikokwenda. Mwanamke mmoja aliinama akaniuliza kama nanunua au sinunui. Mzee, kwa aibu ya kuwasumbua watu, alinunua jogoo. Jogoo huyo alisafiri nasi, na ndiye pekee aliyeruhusiwa kupita chini ya blanketi apendavyo. Alikaa nusu safari kwa baba mkwe, nusu kwangu, na alichafua pande zote mbili kwa haki.

Tulipofika njia panda ya Tukuyu, nje kidogo ya Mbeya, mume wangu alijifanya kupanga mizigo. Mlimani kule ndiko kulikokuwa nyumbani kwa baba yake, mahali ambapo tungemchukua bila taabu kama si mapenzi ya treni. Mtoto akasema, "Babu, kuna milima mikubwa ina mawingu." Mzee akajibu, "Naijua." Tulilala Mbeya kila mtu kwa watu wake, mimi kwa dada mmoja wa kanisani, yeye kwa ndugu wa ukoo. Nilimsikia mume wangu akimwambia dereva, wakati wa kugawana mizigo, kwamba baba akianza kusumbuliwa zaidi na macho tutageuza. "Macho yakifunga, safari ni ya nini? Tutakuwa tumempeleka mtu kuona giza." Alilisema kwa upendo, lakini alilisema kwa sauti, na mzee alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale.

Tunduma palikuwa na kizuizi cha mti na nyumba ndogo yenye baraza. Karani wa mpaka alikuwa kijana mkali, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama. Siku hizo wanaume wengi walivusha wanawake kwenda migodini wakisema ni wake zao, kisha huko wakawatupa, na wakuu wa pande zote mbili walikuwa wamechoka na kesi. Karani alisoma barua ya likizo ya mume wangu, akasema karatasi haina shida, ila kila mwanamume hapa anasema ni mke wangu. Neno la mume halitoshi. Anataka neno la mzee.

Mzee aliketishwa kwenye benchi barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, kanga mpaka puani, nasikia yote.

"Mzee, umekuja na nani?"

"Mwanangu, mke wake na mjukuu."

"Mke wa mwanao yukoje? Mrefu? Mfupi?"

"Sijui."

"Mweupe? Mweusi?"

"Sijui."

"Wameoana lini?"

"Zamani. Huyu mtoto ni wao."

"Na hujui anafananaje?"

"Sijamtazama hata siku moja," baba mkwe akasema. "Mimi ni mtu wa heshima."

Dereva wetu alikuwa ameegemea gari. Nilimwona anajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mume wangu alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuonekana wezi. Akasema kuhusu blanketi. Karani akaenda kulitazama blanketi. Akasema kuhusu soksi. Karani akaitazama soksi muda mrefu, kisha akanijia mimi.

"Mama, toa kanga. Simama mbele ya mzee. Atasema anakujua au hakujui, yaishe."

Nilimsihi. Mume wangu alimsihi. Karani alisema basi tulale hapohapo. Nikapiga moyo konde nikapanda baraza, nikasimama mbele ya benchi na kuishusha kanga mabegani. Najua vijana wa leo watacheka. Lakini mimi nilihisi nimevuliwa nguo zote katikati ya soko, na niliyemwonea aibu hasa ni yeye. Nilingoja ageuke.

Hakugeuka. Alikaa wima, mikono juu ya fimbo, ananitazama usoni moja kwa moja. Nikashtuka, na kwa kule kushtuka nikamtazama na mimi. Kwa mara ya kwanza nikamwona baba mkwe wangu. Alikuwa na masikio ya mume wangu na paji la binti yangu. Na macho yake yote mawili yalikuwa meupe, meupe kabisa, kama yamemwagiwa maziwa.

Hakuwa ananitazama. Hakujua kama niko pale.

Ukungu haukuwa ukikaribia kufunga. Ulikuwa umefunga zamani, labda kabla hata hajaja Iringa, na yeye alikuwa amelificha hilo kwa kuinamisha uso mbele ya watu, kwa mtoto mapajani na kwa kuuliza unaona nini, ili mwanawe asigeuze safari. Na watu wote wale, mimi, mume wangu, Mhehe wa watu na rozari yake, tulikuwa tumetundika blanketi nchi nzima ili kumzuia kipofu asinione. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na karani alikuwa anangoja.

"Haya, mzee. Unamjua huyu aliyesimama mbele yako?"

Nikaona uso wa mzee unababaika, mikono inakaza fimbo. Hapo nikakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha kisimani.

Aligeuka haraka mpaka karibu aanguke kutoka kwenye benchi, akajifunika uso kwa koti. "Ndiye," akasema kutoka ndani ya koti. "Huyo ndiye mke wa mwanangu. Mwondoe."

"Umemwonaje na umejifunika?"

"Nimemwona vya kutosha."

Karani alituangalia mmoja mmoja. Akasema waongo wangejiandaa vizuri zaidi, akaamuru mti uinuliwe.

Sikumwambia mume wangu. Ningemwambia, angegeuza gari palepale, na tena mimi si wa kusimulia habari za uso wa baba mkwe. Siku zote za barabara ile ndefu ya vumbi ya Rhodesia blanketi lilibaki mahali pake na soksi kwenye kioo chake. Ningeweza kulishusha, mzee asingeniona. Sikutaka. Kila asubuhi nilihakikisha misumari haijalegea. Mtoto alichoka kusimulia, akalala, na mbele kukawa kimya, na mimi nikaanza kusimulia kwa mume wangu kwa sauti ya juu kuliko kawaida, mti huu, mto ule, watoto wanapunga mikono. Mume wangu aliniuliza kama masikio yake yana tatizo. Upande wa pili wa blanketi mzee hakusema kitu, ila niliposahau kutaja daraja aliguna.

Kapiri Mposhi ndipo tulipoikuta reli. Mwenye gari alikuwa amekubali gari lifike hapo tu, na kutoka hapo hadi mji wa wifi, ambaye mume wangu alimpelekea telegramu palepale, kulikuwa na treni. Mume wangu alisimama kituoni akanusa moshi, machozi yanamlengalenga. Dereva alitoa soksi kwenye kioo, akamkabidhi kwa adabu, akarudisha rozari mahali pake, akaaga. Jogoo tulimpa yeye. Basi mume wangu na baba yake wakapanda behewa la mbele, mimi na binti la nyuma, watu baki katikati, kama njiti zilivyosema. Mume wangu alipita kwangu kila kituo kuniambia, "Unaona? Unaona?"

Nilikuwa naogopa, maana wifi hakujua habari ya macho. Treni ilipopunguza mwendo nilitoa kichwa dirishani, nikamwona wifi kabla hata haijasimama. Alikuwa amenenepa, amembeba mtoto mchanga, anakimbia kandokando ya mabehewa huku akichungulia kila dirisha.

Nilishuka na binti mkononi. Mbele kule mume wangu alikuwa amemshusha baba yake, amemsimamisha kwenye umati, mwenyewe ameingia tena kugombania sanduku. Mzee alisimama peke yake na fimbo, ameelekea upande wa injini. Wifi alimwona. Akasimama ghafla, hatua chache kutoka kwake, upande wa kulia. Akapiga magoti kwenye changarawe na mtoto wake kifuani, akainamisha kichwa, akangoja.

Mzee hakugeuka.

Wifi aliinua uso. Niliuona ule uso. Alikuwa anamwona baba yake amempa shavu mbele ya watu wote, anatazama injini, kama alivyoapa zamani kwamba hataki kumwona tena. Alitaka kumwita, mdomo ukacheza, sauti haikutoka. Kisha akaweka mkono mmoja chini ili ainuke aondoke.

Kikohozi kisingetosha. Kikohozi changu kilimwambia siku zote ageuke asione. Niliwapita watu, nikasimama nyuma yake kabisa, nikafungua mdomo.

"Baba," nikasema. "Geuka kulia. Yupo chini, amepiga magoti. Amebeba mtoto."

Umati wetu sisi wa Rungwe ulikuwa mtu mmoja tu, mume wangu, aliyekuwa anashuka na sanduku kichwani, na alilisikia kila neno. Sanduku lilianguka. "Umeongea na tata!" akapiga kelele. "Mwanamke, umeongea na tata!"

Baba mkwe alikuwa ameshageuka kulia. Fimbo ilikuwa chini. Alipiga magoti taratibu, mikono mbele, ikatafuta hewani mpaka ikaukuta uso wa binti yake, ikaanza kuupapasa, paji, mashavu, kidevu, na wifi alipoyaona macho yale alitoa sauti ambayo sitaisahau. Mume wangu naye aliyaona hapo. Akanyamaza katikati ya neno.

Mzee hakuinua kichwa. "Nani ameongea?" akasema. "Mimi sijasikia mtu."